Mkwaruzo wa Magesa

Mtu akija kwangu hapa Buswelu akaniambia anapenda santuri, simtazami usoni. Namtazama vidole. Namtolea santuri moja ya hovyo, ambayo hata ikivunjika sitaumwa kichwa, kisha nakaa kimya nione ataishikaje. Anayeijua kazi ataibana pembeni kwa viganja viwili, kama anayepokea sahani ya moto. Asiyeijua atatia dole gumba katikati ya mifereji, na mafuta ya chipsi alizokula mjini yatabaki humo mpaka nife. Huyo namkaribisha chai, tunazungumza habari za mvua, anaondoka bila kujua kwamba mlango wa chumba cha santuri uko nyuma ya pazia alilokuwa ameliegemea.

Nawaambia haya ninyi vijana mnaonitumia ujumbe kwenye simu, eti Bibi tupigie picha majalada. Sipigi. Nimeifanya kazi ya santuri tangu nikiwa msichana wa kaunta hadi magoti yalipogoma kusimama. Kama santuri zangu zimefika leo zikiwa nzima, ni kwa sababu siamini watu. Wenzangu walioamini wamebaki na majalada matupu. Mkisikia mtu anasema Bibi Spesioza ana roho mbaya, mkubalieni, halafu muulizeni yeye ana albamu ngapi za roki.

Tajiri aliyeniajiri alikuwa na duka katikati ya mji wa Mwanza, akiuza redio, vipuri vya cherehani na santuri. Wateja wengi walitaka muziki wa dansi. Roki ilikuwa ya vijana wachache wenye suruali za bugaluu na viatu vya raizoni vyenye soli nene, ambao wazazi wao waliamini wamerogwa. Tajiri naye hakuipenda, alisema ni watu wanaogombana na vyombo. Lakini santuri yenyewe, ile sahani, aliiheshimu. Alinifundisha kuikagua kwa mwanga wa upande. Usiikague chini ya taa, alisema, chini ya taa kila kitu kinapendeza. Ipeleke dirishani asubuhi, iinue usawa wa jicho, acha mwanga uteleze juu yake, na mkwaruzo utajitokeza wenyewe. Kisha inuse. Iliyokaa kwenye nyumba yenye unyevu wa ziwa inanuka gunia bichi, na jalada likishaota ukungu, santuri iliyo ndani haiponi.

Somo hilo nililishika vizuri sana, na muda si mrefu nikatapeliwa.

Nilikuwa Kirumba, pale Mwaloni, nimetumwa dagaa. Nikamkuta baharia wa meli ya mizigo anauza vitu alivyosema vimetoka Nairobi. Katikati ya masweta na vibiriti vya gesi palikuwa na albamu ya roki, jalada jekundu, santuri yake inang'aa hata naona meno yangu. Sheria ya dirisha niliijua, ila Mwaloni hakuna dirisha, na moyo ulikuwa unanidunda. Nikainunua, nikasahau na dagaa. Nilipofika dukani tajiri aliipitishia kitambaa cheupe mara moja, kitambaa kikatoka cheusi. Dawa ya viatu. Yule baharia alikuwa ameipiga rangi kama kiatu cha bwana harusi, na chini ya ile rangi, kwenye wimbo wa pili, ulikuwepo mkwaruzo. Tajiri hakunifokea. Alinipa kitambaa akaniambia nikitunze, nami ninacho hadi leo kwenye droo.

Tukaiweka kwenye gramafoni. Wimbo wa pili ulianza vizuri. Halafu gitaa likaanza kupanda, sauti baada ya sauti, na kabla halijafika juu sindano iliruka, ghafla tukajikuta tuko juu tayari, kama mtu aliyekwepa ngazi mbili za katikati.

Mkwaruzo wa namna ile unatibika, na niwape kazi kidogo hapa. Chukua sindano ya kushonea, ile nyembamba kabisa. Vaa kioo cha fundi saa. Ufuate mfereji taratibu, ukiurudishia njia yake pale ulipobomoka, na usiwe umegombana na mtu asubuhi hiyo maana mkono utakusaliti. Wavivu huweka sarafu juu ya mkono wa gramafoni ili uzito uilazimishe sindano kupita. Msifanye hivyo, sindano itachimba na wimbo mzima utaondoka kidogo kidogo. Mimi nilishaandaa sindano yangu na kioo nimeazima. Aliyenizuia ni Magesa.

Magesa alikuwa kijana wa Kijita, mpiga gitaa wa bendi ndogo waliyoiita Chuma Moto. Walipiga Jumapili mchana kwenye baa ya mama mmoja pale Igogo. Mchana huo baa iliuza soda tu, na dansi lenyewe tuliliita bugi. Ukumbi ulikuwa sebule iliyobomolewa ukuta, na watu wakijaa, wa nyuma walisimama juu ya makreti. Kazi yangu ilikuwa kupiga santuri bendi inapopumzika. Msimu wa wale wadudu wa ziwani wanaopaa kama moshi tulifunga madirisha yote tukacheza kwenye joto, kwani mdudu mmoja akinasa chini ya sindano hamtamsikia mwimbaji tena. Tulitoka humo tumelowa, tunacheka, na hakuna aliyetaka kurudi kwao.

Chuma Moto hawakujua noti. Walijifunza kwenye santuri zangu, wamekaa sakafuni kwenye stoo ya soda, mimi narudia kuishusha sindano mpaka nasinzia. Albamu ile nyekundu hakuna mwingine aliyekuwa nayo Mwanza, au kama alikuwepo alijificha, na mimi nisingemlaumu. Hawakuwahi kuisikia mahali pengine. Kwa hiyo walijifunza wimbo wa pili na mruko wake. Gitaa, besi na ngoma viliruka pamoja, palepale. Wachezaji nao wakaushika. Ikifika pale, ukumbi mzima unainuka na kutua mara moja, raizoni zote chini, chupa za soda zinacheza mezani. Nilipenda kuutazama mruko ule kuliko kitu chochote nilichowahi kukiona mjini hapa.

Kisha akaja mwanafunzi mmoja aliyekuwa akisoma Nairobi, akasimama mlangoni amekunja mikono, akatuambia wimbo haupigwi hivyo. Niliona haya. Nikamwambia Magesa kwamba kesho yake nitautibu mkwaruzo, wajifunze upya. Magesa alikuwa mpole sana, lakini siku ile alikasirika kweli.

"Dada Spesi," akasema, "ukiuziba huo umetunyang'anya wimbo. Ule mwingine una wenyewe. Huu ni wetu."

Nikairudisha ile sindano ya kushonea kwenye uzi wake. Na albamu nikampa yeye, iwe yake.

Baba yake alipougua akaitwa nyumbani Majita, maana ndiye mtoto wa kiume aliyebaki. Kule hakukuwa na gramafoni, na alijua nyumba ya mgonjwa haikosi watu wa kushikashika vitu. Akaniletea ile albamu niitunze. Akanionya nisimpe mtu yeyote, hata anayedai ametumwa naye, ila mtu wa damu yake. Nikamuuliza huyo mtu nitamjuaje. Akacheka, akasema mimi nilivyo, nitamjua tu. Hakurudi kuishi Mwanza. Nilisikia ameoa, ameokoka, anafundisha kwaya, na kwamba hapendi tena kuulizwa habari za bugi. Sikumfuata. Mwanamke wa mjini anayemfuata mume wa mtu kijijini na santuri kwapani, nani atamwelewa?

Miaka ikaenda. Santuri zikatupwa, watu wakazitumia kufunikia mitungi, kisha siku hizi zimerudi na thamani ya ajabu. Habari za albamu nyekundu zikavuja. Sijui nani alizivujisha, ingawa nina watu wawili ninaowashuku, na wote wamekula kwangu. Wakaanza kuja. Mmoja alitoka Dar amevaa glovu nyeupe, nikamwambia mimi siumwi. Mwingine alilia palepale mlangoni, akisema Magesa ni baba yake mdogo. Machozi yalitoka upesi mno. Nimezika watu wa kutosha kujua kwamba machozi ya kweli huchelewa kidogo. Wa tatu alikuja na gitaa, kijana mtanashati, anaongea Kijita cha kutosha. Nikamwomba anipigie wimbo wa pili. Akaupiga vizuri, ulivyo kwenye simu, hakuruka popote. Nikampa soda, nikamwonyesha kituo cha bodaboda. Huo ndio uliokuwa mtihani wangu, na sikumwambia mtu. Aliyeupiga sawasawa hakuwa wetu.

Mwaka huu akaja Perusi.

Mama wa makamo, kitenge safi, miguu ina vumbi la safari. Akanipa shikamoo, nikaitikia, nikamkaribisha kiti. Alikaa ukingoni, hakuegemea. Akaanza kukagua nyumba yangu: picha ukutani, kitanda kinachoonekana kwa mlango wa chumbani, mpaka kanga niliyoianika. Santuri hakuzitaja, na hapo ndipo niliposhtuka, kwa sababu mwizi hodari hakitazami kitu anachokitaka. Akasema yeye ni binti wa Magesa wa Majita, na kwamba baba yake alifariki mwaka jana.

Sikuwa najua. Nilitaka kulia, lakini mbele ya mgeni usiyemjua, kulia ni kumpa habari zako. Nikajizuia, nikamwuliza kama anaujua wimbo wowote wa bendi ya baba yake. Akasema hajui nyimbo za dunia, wala baba yake hakuwahi kuwasimulia habari za bendi. Basi, nikasema moyoni, ni walewale. Nikamsogezea chai na kuanza habari za mvua.

Chai hakuigusa.

"Mama," akasema, "naomba uniambie ukweli. Ulikuwa nani kwa baba yangu?"

Ndipo nikatambua kwamba tangu aingie yeye ndiye aliyekuwa ananipima mimi. Nikamwambia aeleze kwanza, nami nitajibu. Akaeleza. Baba yake aliwatungia kwaya wimbo ambao kijiji kizima kinaupenda. Lakini katikati una mahali unapokatika: waimbaji wanameza pumzi, wanaruka kidogo, kisha wanaendelea mbele. Kila alipoulizwa kwa nini, mzee alijibu kwamba ndivyo walivyopiga Mwanza, na asiyeamini akamwulize Spesioza. Mkewe alilisikia jina hilo kila kwaya iliposimama, tangu akiwa bibi harusi mpaka amekuwa mjane. Sasa kanisa limepata mwalimu mpya wa kwaya, kijana mwenye kinanda cha umeme. Huyo amewaambia wazee kwamba wimbo una kasoro, marehemu hakujua kuhesabu mapigo. Ameunyoosha, na wamekubaliana uimbwe umenyooka kwenye ibada ya kumbukumbu yake.

Perusi alikuwa amekuja kuuliza kama kweli baba yake alikuwa mjinga wa muziki ambaye watu walimstahi tu. Swali lile la kwanza, la mimi nilikuwa nani, lilikuwa la mama yake, aliyekuwa akisubiri jibu nyumbani.

Nikamwambia anipigie huo wimbo wa kanisani kwa makofi, bila kuimba. Alinitazama kama aliyeanza kuamini kwamba nina wazimu, akapiga. Mwanzoni sikusikia kitu. Halafu makofi yakaanza kupanda kasi, moja baada ya jingine, nami nikashika meza. Pale pale, kabla hayajafika juu, yakaruka.

Nilivuta pazia, macho yake yakanifuata, nikatoka na jalada jekundu na gramafoni. Nikaishusha sindano kwenye wimbo wa pili. Perusi alisikiliza amekunja uso, kelele zile hazikuwa za kwao. Gitaa likaanza kupanda. Nikamwona anainua viganja mwenyewe, na sindano iliporuka naye akatua nayo.

"Kumbe," akasema.

Akaegemea kiti kwa mara ya kwanza. Wimbo uliisha, ukaingia wa tatu, ndipo machozi yake yakaanza, polepole, na mimi nikayaachia yangu. Nilimwambia kwamba baba yake hakukosea kuhesabu hata siku moja. Alihesabu alichokisikia. Kuhusu swali lile jingine nikamjibu kwamba mimi nilikuwa mtu wa kushusha sindano, baba yake akasikiliza, na hakuna zaidi. Akaitikia kwa kichwa, akasema itabidi nikamwambie mama yake mwenyewe.

Hapo nikashtuka tena. Nikawaza, labda hivi ndivyo wanavyonitoa nyumbani ili wenzao waje kubeba zilizobaki. Ile siku ya safari nilifunga chumba cha santuri kwa makufuli mawili. Ufunguo mmoja nikamwachia jirani wa kulia, wa pili jirani wa kushoto, ambao hawasemezani tangu kesi ya mpaka. Nikapanda basi na gramafoni yangu ndogo ya betri mapajani, albamu nimeisimamisha katikati ya nguo. Mtu wa kiti cha pili aliponiuliza nimebeba nini nikamjibu dawa.

Mjane wa Magesa alikuwa amekaa kibarazani na hakuinuka. Hakunitazama uso, alinitazama miguu.

"Wewe ndiye Spesioza."

"Ndiye mimi."

"Ulikuwa unavaa viatu virefu?"

"Nilivaa."

"Nilijua," akasema.

Nikamweleza nilivyomweleza binti yake, bila kupamba. Akasema amesikia. Hakusema ameamini, nami nilimheshimu kwa hilo, maana ningekuwa mimi nisingeamini.

Kwaya ikaitwa uani, wazee wa kanisa wakakaa kwenye mabenchi, mwalimu wa kwaya akasimama nyuma na simu yake inayohesabu mapigo. Wengi waliona aibu kusikiliza kelele zile mbele ya wazee. Nikaishusha sindano. Gitaa likapanda, likaruka, na miguu ya kwaya nzima ikainuka na kutua bila kuambiwa. Mzee mmoja wa kanisa alicheka, kisha akajifanya anakohoa.

Mwalimu wa kwaya aliomba irudiwe. Nikairudia. Akainama juu ya sahani akaukagua mkwaruzo, akauliza kama sikuuchora juzi. Nilimpenda papo hapo. Nikamwonyesha ndani ya mkwaruzo rangi nyeusi iliyokauka, dawa ya viatu ya yule baharia, ambayo kitambaa cha tajiri hakikuifikia. Aliridhika. Lakini hakuwa mjinga, akasema kwa upole kabisa lile nililokuwa naliogopa tangu Buswelu.

"Kwa hiyo, Bibi, ni mkwaruzo tu. Bado ni kasoro."

Alikuwa amesema kweli. Perusi alinitazama, mimi nikatazama chini, nikamwona Magesa kwenye stoo ya soda na gitaa lake, na nikahisi nimemwangusha. Aliyejibu ni mjane, kutoka kibarazani, hata sauti hakuipandisha.

"Ni mkwaruzo wa mume wangu," akasema. "Nimeishi nao. Mtauimba hivyo hivyo."

Wakauimba hivyo hivyo. Kwenye ibada nilikaa benchi la nyuma, na ilipofika pale kanisa lote liliruka, watoto, wazee, hata yule kijana kwenye kinanda chake. Vumbi likapanda sakafuni. Nilifurahi hadi kifua kikauma.

Baada ya chakula nikamkabidhi mjane albamu. Niliahidi mtu wa damu yake, na Perusi, aliye damu yake, alitaka ikae kwa mama yake, akashuhudia. Iliniuma, msidhani haikuniuma. Nikawaonyesha namna ya kuisimamisha, isilazwe, isiwekwe karibu na jiko wala na dirisha la bati. Perusi akaniomba niwaachie na gramafoni. Nikakataa. Sindano za siku hizi ni za kubahatisha, na watoto wa nyumba ile siwajui vidole vyao. Mama yake akanikazia macho, akasema vizuri, na yeye basi albamu haitatoka nje ya mlango wake, hata kwa kuazimwa, kwa sababu hajui nikiondoka nayo kama itarudi.

Hivyo ndivyo mambo yalivyo hadi leo, vijana wangu. Yeye ana santuri, hana cha kuipigia. Mimi nina sindano, wimbo uko Majita. Hatuaminiani hata kidogo, kwa hiyo yeyote kati yetu akitaka kuusikia, lazima nipande basi, twende tukakae viti viwili vilivyoshikana, yeye akiuchunga mkono wangu na mimi nikivichunga vidole vyake. Amejifunza kuishika pembeni. Mara ya mwisho tuliusikiliza mpaka betri zikaisha, kisha tukakaa tu.

Juzi alinipigia simu. Hata kunisalimia hakunisalimia vizuri, aliuliza tu kama sindano haijachakaa. Nikamwambia haijachakaa, nikaanza kutafuta funguo za makufuli.